Kalamu Koponi: Kumkumbuka Bibi Lempi Ruona wa Hancock

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Bibi, na kila tukianza kukuzungumzia tunajikuta tumeanza na mtu asiye wa ukoo wetu.

Ilikuwa Alhamisi moja ya Januari, waandishi wako wamejaa jikoni, mlango wa nyuma ukagongwa. Alisimama mwanamume mnene tusiyemjua, theluji mpaka kwenye nyusi, amekumbatia mfuko wa mkate uliojaa karatasi. Alikuwa Dale Beaudry, dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani. Tangazo lako la kuwaalika waandishi aliliona maktabani, akakaa nalo miezi minne.

"Samahani, mama. Nasikia hapa watu wanasoma walichoandika. Mimi nitasikiliza tu."

"Kijana, unapasha joto mtaa mzima kwa kuni zangu," ukamwambia. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. "Ingia. Huo mfuko una mkate?"

"Hapana. Una riwaya. Haijaisha."

"Basi keti. Mkate tunao. Na hiyo riwaya nitaisikiliza mpaka ukurasa wa mwisho."

Ulifanya kazi posta miaka thelathini na minne. Ulipostaafu ulisema umeshapokea maneno ya watu ya kutosha, sasa unataka kuyasikia. Ndipo ukaanzisha hizi Alhamisi za kusomeana pamoja na jirani yako Verna Tolonen, mtunzi wa mashairi. Kila mmoja alileta jambo jema na jambo baya la wiki yake, na ukurasa mmoja aliouandika. Aliyekataliwa na mchapishaji alisimama, akasoma barua yake kwa sauti, akapigiwa makofi, kisha akapewa kipande cha kwanza cha mkate wako wa iliki, kile cha pembeni chenye sukari nyingi. Aliyefanikiwa aliosha vyombo.

Na mtu aliposoma, kalamu zote ziliingia kwenye kopo la kahawa katikati ya meza. "Kuuliza, ruksa," ulisema. "Kumwandikia mwenzako, marufuku."

Shairi la Verna lilipotoka gazetini ulipiga kelele kumshinda yeye mwenyewe: "Sabuni ile pale, bingwa!" Mimi nilipomaliza chuo, hadithi zangu zikakataliwa mara tano mwezi mmoja, ulinikatia vipande vitano. "Kula, mjukuu wangu. Ukiendelea hivi tutakutafutia suruali kubwa." Nilicheka huku nalia. Kesho yake niliandika tena.

Wewe mwenyewe ulikuwa na kitabu kimoja. Kilimhusu mama yako, aliyefua nguo za wachimba shaba. Ulikiandika miaka ishirini, na ilibaki sura moja tu, ya kumi na tisa. Mchapishaji alishasoma zilizotangulia, akawa anaisubiri hiyo. Vuli ya mwaka jana daktari akatuambia mapafu yako yamebakiza wiki chache. Pumzi na nguvu zilikutosha saa moja kwa siku. Ulikuwa ukinitajia maneno, nami naandika.

Dale akapiga simu. Riwaya yake imeisha.

Hapo ndipo nilipokosea, Bibi, na leo nakiri mbele ya wote. Nilimwambia huwezi tena kusikiliza.

"Siiri, nani huyo?" uliuliza kutoka kwenye kochi.

"Ni Dale. Nimemwambia umechoka."

"Nimechoka, kweli. Nimekufa?"

"Bibi, sura yako! Una saa moja tu kwa siku!"

"Nilimwambia nitasikiliza mpaka mwisho. Sikumwambia nikipata nafasi. Mpigie."

Akaja siku nane mfululizo. Kila alipofika alitia kalamu yake koponi, ingawa mezani hakukuwa na mwingine ila mimi. Ulisikiliza umefumba macho, na tulipodhani umelala ulimkatiza.

"Huyu farasi mbona amekufa ghafla?"

"Nilikosa cha kumfanyia, mama."

"Basi mrudishie uhai. Hajakukosea kitu."

Tulicheka mpaka ukakohoa, na tukaogopa. Ukurasa wa mwisho aliusoma Alhamisi. Ukamwonyesha beseni la vyombo. "Umemaliza kitabu, kijana. Vyombo vyako hivyo." Aliosha huku machozi yanamtoka, akavunja kikombe cha bluu. Vipande vyake tumevitunza.

Alipoondoka ulinishika mkono. "Sura yangu asinimalizie mtu. Hata wewe. Nisichoandika mimi si changu. Niahidi."

Nikakuahidi. Jumamosi ukatutoka. Sura ya kumi na tisa ina ukurasa mmoja na nusu.

Nilikukasirikia kwa muda mrefu, Bibi. Niliona zile saa nane zilikuwa za kitabu chako. Sasa naona ulizitumia kama ulivyotumia miaka yako yote, na ningependa nami niwe mtu wa namna hiyo. Dale ameshakataliwa mara mbili, amekula vipande viwili, na bado anaandika. Farasi yu hai.

Mwezi huu mchapishaji ametuandikia. Anakipenda kitabu chako. Atakitoa, mradi mmoja wetu aimalizie sura ya mwisho. La sivyo ataturudishia karatasi zetu. Mjomba Reino aliisoma barua mara tatu. "Kurasa kumi tu, Siiri. Si ulishatuambia alitaka kiishe vipi?"

Ni kweli. Ulinisimulia mwisho wote, hadi kamba ya nguo na shuka la mwisho. Ningeweza kuuandika kwa wiki moja.

Tunaokukumbuka ni binti yako Marlys, mwanao Reino, mjukuu wako Siiri, jirani yako Verna, Dale, na meza nzima ya Alhamisi. Maadamu tupo, hutasahaulika.

Alhamisi iliyopita nilisimama mahali pako nikaisoma barua ile kwa sauti, kisha nikasoma jibu letu: tunashukuru, lakini hapana. Halafu Mjomba Reino akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Dale akanikatia kipande cha kwanza, kile cha pembeni.

Kalamu yangu ilikuwa koponi, Bibi.