Mzee Aliyetoka wa Mwisho

Mwenzangu uko? Leo nimeumbuka, natamani ardhi ipasuke.

Unamkumbuka yule mwanariadha wa zamani ninayemwandikia ukurasa kwenye ensaiklopidia? Aliyeshindana mbio nje ya nchi mara moja tu? Nimempigia nimsomee wasifu wake athibitishe tarehe. Simu nikaiweka mezani, spika wazi, ili mikono iandike.

Nasoma, mzee anaitikia "ehe, ehe" kwa raha zake. Mara bosi huyo mlangoni, hajui kama kuna mtu hewani. "Bado uko na huyo? Mtu katoka wa mwisho, ukurasa mzima wa nini? Mtupe kwenye jedwali!"

MTUPE. Na mzee wa watu anasikia!

Bosi kaiona simu, katoka zake. Hata samahani hakusema.

Nikadhani mzee kakata. Kumbe yupo. Akasema taratibu, "Mwanangu, usigombane na mkubwa wako. Wa mwisho nilikuwa kweli. Jedwali linanitosha."

Mtupe, jamani! Halafu yeye ndiye ananibembeleza mimi!

Kisha akauliza, "Ila jina la kocha wangu litabaki, eti? Alinifuata na baiskeli kila asubuhi, miaka sita. Mjane wake nimeshamwambia limeandikwa."

Nikajibu, "Litabaki, mzee." Akanishukuru mara tatu.

Jedwali unalijua, ulilichora mwenyewe kabla hujaacha kazi hapa. Jina, mwaka, mbio, nafasi.

Kocha hana pa kukaa.