Majina Matatu Katika Daftari la Ofisi

Dada yangu Mwanakombo,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta salama, wewe na watoto, na kwamba mama sasa anaweza kufika uani bila kushikwa mkono. Nijulishe kama mguu bado unamvimba jioni. Mimi mwili haujambo. Usingizi ndio ulionikimbia, na chakula nakila kwa kujilazimisha.

Utashangaa kuletewa barua ilhali simu ipo. Simu niliyo nayo ni ya ofisi, na laini ni ya ofisi pia. Ndiyo maana nitampa Fundi Saidi bahasha mkononi, maana anarudi Vanga kesho. Hajui kilichomo, nawe usimwambie.

Unakumbuka mwezi uliopita nilivyokueleza kwa furaha kwamba nimepewa kazi ya kijitabu. Mji huu ni mdogo, una waheshimiwa saba waliochaguliwa na wananchi, na ofisi ilitaka watu wawajue: kila mmoja ametoka wapi, amesoma wapi, alikuwa nani kabla ya siasa, na amejihusisha vipi na mambo ya jamii. Kila mheshimiwa alijaza fomu yake mwenyewe. Yangu ilikuwa kuzunguka na kuhakikisha.

Sikufichi, kazi niliipenda. Mmoja wao alikuwa mkunga wa zahanati miaka mingi, na mpaka leo akipita sokoni wanawake humwonyesha watoto aliowapokea wakizaliwa, wengine wameshaota ndevu. Mwingine ni Mhindi mwenye duka la vitambaa, aliyezaliwa hapa hapa na baba yake kadhalika. Nilipomuuliza ana shughuli gani katika jamii, akacheka. "Andika kamati ya maziko," akasema. "Harusini siku hizi hawanialiki. Wananiita mtu akifa, kwa sababu nina pikapu." Nilizunguka wiki mbili, nikawaona sita, nikarudi nikijiona mtu wa maana.

Wa saba ni mheshimiwa wa upande wa bara. Jina lake na la kijiji chake siyaandiki hapa. Fomu yake ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote. Alisema kwamba kabla ya kuchaguliwa alikuwa katibu wa kamati ya ardhi ya kijiji, na kwamba alisimama na wanakijiji wakati tajiri mmoja alipotaka kuyazungushia ua malisho yao. Nikasema hii ni habari nzuri, niende nikaisikie kwa wenyewe.

Nilikuta wanawake watatu wanapukuchua mahindi mbele ya nyumba. Niliwaamkia, wakanipa kigoda.

"Karani, umekula?" mmoja akaniuliza.

"Nimekula, mama."

"Muongo. Mpeni muhogo huyu, asije akaniandika mimi mwanamume kwa njaa."

Tukacheka wote. Ndipo nilipowauliza habari za kamati ya ardhi na katibu wake. Kicheko kikakatika hapo hapo. Yule mkubwa wao aliendelea kupukuchua, hakuniangalia.

"Katibu alikuwa Mwalimu Kahindi," akasema. "Huyo bwana wako hakuwa kwenye kamati. Huyo alikuwa mwangalizi wa ua wa tajiri."

"Na mwalimu naweza kumpata wapi?"

"Aliitwa."

"Na nani, mama?"

"Na huyo unayemwandika. Alikuja asubuhi, Kahindi anakunywa chai. Akamwambia, njoo mara moja, kuna mtu barabarani anataka kukuona. Kikombe chake nilikiosha mimi."

Mama huyo alikuwa dada yake Kahindi. Akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha kijiti cha koma kilichofungwa kitambaa chekundu, kama watu wa huko wanavyowasimikia marehemu wao. Chini yake hapana kaburi, kwa kuwa mwili haukupatikana. Alisema walikaa wakingoja muda mrefu, kisha wakachoka kuambiwa na watu kwamba labda amekwenda Mombasa.

Sasa sikiliza nilichofanya, Dada. Chuoni tulifundishwa kwamba habari isiyo na jina la aliyeisema ni uvumi, hailetwi ofisini. Katika daftari langu kuna safu ya mtoa habari: jina, namba ya kitambulisho, kijiji. Nikaijaza. Hata mmoja hakukataa. Yule wa muhogo alitoka ndani na kitambulisho kabla sijakiomba, akawahimiza wenzake wafanye haraka. Kule mtu mwenye daftari akija, huwa anaandikisha watu wa mahindi ya msaada, kwa hiyo wamezoea. Mimi nililiona hilo, nikajua wamenielewa vingine, lakini nikaendelea kuandika, kwa kuwa safu ilitaka kujazwa.

Niliporudi niliweka kwenye rasimu maneno haya tu: "Habari za kamati ya ardhi hazijathibitishwa." Nilidhani nimetumia busara.

Siku ya pili mkuu wangu aliniita. Ni mtu mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alifuta ule mstari kwa kalamu yake, akaandika "Katibu wa kamati ya ardhi," akapeleka kijitabu kiwandani kwa mpiga chapa. Nikajua yamekwisha. Nakuungamia kwamba nilishukuru.

Alhamisi mheshimiwa mwenyewe akaja ofisini. Nilisimama nikamwamkia, akaniitikia marahaba kwa mapana, akaketi kwenye kiti cha wageni kama mtu aliyekuja kusalimia tu.

"Wewe ndiye kijana wa Vanga?"

"Ndimi, mheshimiwa."

"Mama mguu haujambo?"

Dada, mimi ofisini sijamweleza mtu yeyote habari za mguu wa mama.

Nikajibu anaendelea vizuri. Akasema Alhamdulillahi, ingawa si Mwislamu. Kisha akasema, "Nasikia ulifika mpaka kwetu. Vijana wa siku hizi hawana bidii hiyo. Nimefurahi. Kuna wazee wangu walikaa wakazungumza nawe, nataka nikawashukuru. Walikuwa wangapi?"

"Watatu," nikasema.

Lilinitoka hivyo. Nimezoea kwamba mkubwa akiuliza idadi, natoa idadi.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayeonja kitu. "Watatu. Vizuri. Na majina yao utakuwa umeyaandika, wewe ni mtu wa utaratibu."

Nikasema daftari liko nyumbani. Mkuu wangu akadakia kutoka kwenye meza yake, bila kuinua macho: "Utaleta Jumatatu asubuhi. Daftari ni mali ya ofisi."

Mheshimiwa alipotoka nilimfuata mkuu, nikamwambia nahofia usalama wa wale wanawake. "Wanawake?" akasema. "Mimi sikusikia habari ya wanawake. Nawe usiongeze neno, Bakari. Umeshasema mengi." Sijui kama alikuwa ananitisha au ananisaidia, na nimekuwa nikilipima neno hilo tangu Alhamisi.

Nilifikiri mengi. Nilifikiri kuandika majina ya kubuni, lakini kijijini kule kila jina lina mwenyewe, na nitakuwa nimempelekea mtu mwingine mgeni mlangoni. Nilifikiri kutumia majina ya watu waliokwisha kufa, nikakumbuka kwamba wana watoto. Nilifikiri kuja nyumbani. Ila nikikimbia watalitafuta daftari, na wasipolipata wataanza kuuliza nyumba kwa nyumba ni akina nani waliompa karani muhogo.

Basi leo Jumamosi, saa nne asubuhi, nimeitoa daftarini ile karatasi ya majina nikaichoma kwenye jiko la makaa huku chai ikichemka. Nimechora safu upya na kuandika tarehe ile ile. Kwenye mtoa habari kuna mmoja tu. Nitasema nilidanganya niliposema watatu, nilitaka nionekane nimefanya kazi. Kwamba sikuzungumza na mtu, nilikaa kivulini nikaandika niliyoyafikiria. Wakinifukuza kazi kwa hilo, nitashukuru sana.

Jina la Mwalimu Kahindi nimekuandikia wewe, kwa sababu kwenye kijitabu halimo na kwenye daftari sasa halimo. Iweke barua hii pamoja na vyeti vyangu. Ukipigiwa simu na mtu anayejiita rafiki yangu wa kazini, mwambie mara ya mwisho kusikia sauti yangu ni Idi. Mama usimwambie chochote, ila msimwache peke yake mchana.

Mpe salamu mume wako, na umwombe alale nyumbani wiki hii kama kazi itamruhusu. Msalimie mjomba mwenye shamba la minazi, na yule bibi jirani aliyenifundisha kusoma, mwambie namkumbuka. Watoto wabusu kwa niaba yangu.

Jumatatu saa mbili nitaingia ofisini na daftari mkononi. Wakilifungua, katika safu ya mtoa habari watasoma: Bakari, karani, nyumbani Vanga.

Mdogo wako anayekupenda,
Bakari