Ile Stendi Nyepesi

Tororo, Jumapili

Mimi ndiye mpiga drams bora kuliko wote kutoka hapa hadi Nairobi. Hata mvua hungoja nimalize wimbo. Lakini jana harusini stendi ya toazi langu ilipinda, toazi likabingirika mpaka miguuni pa bibi harusi. Watu walivyocheka!

Stendi tuliichagua Busia, upande wa Kenya, mimi na Wandera, mpiga gita wetu. Hela yangu ilitosha kwa shida ile nzito, yenye miguu ya bomba mbilimbili. Wandera akanivuta shati: "Ndugu yangu, chukua hii, iko nyepesi. Nzito haifichiki ndani ya mzigo wa miwa, askari wa forodha watakukamata nayo mpakani."

Leo nimeikuta ile nzito sebuleni kwao Wandera, binamu yake akiikaza skrubu.

"Hiyo ilivukaje mpaka?"

"Ndani ya miwa," Wandera akajibu bila haya. "Usinune, bwana. Bendi imeamua binamu apige drams Jumamosi. Vyombo vyake vinasimama."

Nikacheka, nikamwambia kwamba binamu yake hupiga kama anayetwanga mihogo. Stendi nitanunua nyingine, tena ya kung'aa.

Stendi si kitu. Ila aliponiita ndugu yangu pale dukani, mimi nilifurahi.