Nilisema Haramu, Kumbe Naogopa Kukosa Shabaha

Bi Hamida mpendwa,

Salamu nyingi, na samahani kwa barua ndefu, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa ijayo maana nimejifunga kamba kwa mikono yangu mwenyewe na sijui pa kuifungulia. Mimi ni fundi cherehani hapa Satwa, nimezaliwa hapahapa Dubai, wazee wangu ni wa Unguja, nina duka dogo na mwenzangu Shakir, na mwaka jana nimeoa, mke wangu tumwite Hilwa, anafanya kazi katika ukumbi mmoja wa theluji ulio ndani ya duka kubwa, yuko kaunta ya kugawa makoti na viatu kwa watu wanaotaka kuonja baridi. Meneja wao ni mtu wa Norway, wote wanamwita "sir", na tangu Februari hana habari nyingine ila baiathloni, yaani ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha kwa bunduki, hasa mbio za kupokezana za mchanganyiko, wanawake wawili wanaanza na wanaume wawili wanamalizia, kwa sababu mwaka huu ndiyo mara ya kwanza zimeingia Olimpiki, kule Sochi, na nchi yake ndiyo iliyoshinda, basi anawaonyesha marudio kwenye chumba cha chai mpaka wafagiaji wanajua nani alikosa shabaha ya ngapi.

Sasa ameanzisha mashindano ya wafanyakazi na wake au waume zao. Kwa kuwa wengi hatujui kuteleza kwa zile mbao, tutakimbia kwa viatu vizito, na bunduki ni za mwanga tu, hazina risasi, ukipata shabaha taa inageuka kijani, lakini sheria nyingine zote ni zilezile za kimataifa, shabaha tano, mara ya kwanza umelala kifudifudi na mara ya pili umesimama, una mipigo mitatu ya akiba, na kila shabaha iliyobaki unaikimbilia duru ya adhabu huku watu wanakutazama. Tena hakuna kijiti, Bi Hamida. Anayefika anamgusa anayeondoka kwa mkono, mwilini, ndipo yule anaruhusiwa kukimbia.

Timu yao ilikuwa Precious wa Kampala wa kwanza, mke wangu wa pili, Hesbon mlinzi wa mlangoni wa tatu, na Zephania wa nne. Mwezi uliopita sir akaalika familia zije kujaribu, nikaenda nimevaa vizuri kabisa, Hilwa akalala chini akapiga tano akapata tano, watu wakampigia makofi, nami nikalala palepale nikapiga zote, na za akiba nikapiga, hakuna taa hata moja iliyogeuka. Kusema kweli hata taa zenyewe sikuziona ni tano, kwangu lilikuwa doa moja jeusi tu linalocheza. Hesbon, ambaye kila mwanamume kwake ni "buda", yaani mzee, akasema kwa sauti, "Aii, buda, hata ukuta umeukosa!" Ukumbi mzima ukacheka. Hilwa hakucheka, aliniuliza kama mkono umekufa ganzi kwa baridi, nikasema ndiyo.

Wiki iliyofuata akarudi nyumbani na furaha, sir amesema waume wanaweza kuingia kwenye timu, nami nikasema kabla sijafikiri kwamba siingii, na yeye pia hakimbii, kwa sababu atakwenda kumgusa Hesbon na hilo ni haramu. Nilisema kwa sauti ya shehe, Bi Hamida, naona haya kuandika. Hilwa akaenda kutazama wali jikoni. Kesho yake akaja anacheka, "Khalas, nimemaliza! Zephania ana zamu siku ile, kajitoa. Hesbon kahamia wa nne. Wa tatu wewe. Nikifika nakugusa wewe mume wangu, haramu iko wapi?" Na mamake ameshaambiwa, ananisifu kila mahali kwamba mkwe wake ana wivu wa dini.

Tangu siku hiyo silali vizuri na akili imeanza kuniruka, nimepanda basi la Qusais nikidhani linakwenda Jumeirah Lake Towers nikachelewesha suruali za mteja, shemeji yangu Talal amenuna ati nimempita barabarani bila salamu, na mimi wallahi sikumwona. Usiseme ni macho, mimi napitisha uzi kwenye tundu la sindano kwa mara moja, Shakir ni shahidi, jicho langu ndilo riziki yangu. Ni uoga tu, au husuda za watu.

Nimewaza kujifanya nimeteguka mguu. Nimewaza kumkataza kabisa asikimbie, lakini jezi za timu nimezishona mwenyewe na ameijaribu yake mbele ya kioo mara sijui ngapi. Nikimwambia kweli, atajua nilimsingizia Mungu ili nisichekwe, na siku nyingine nikimwambia jambo la dini kwa dhati, ataniamini vipi? Hilo ndilo linaloniumiza. Nifanyeje?

Mkimbiaji wa Tatu, Satwa

BI HAMIDA ANAJIBU

Mwanangu wa Satwa,

Nimekusoma mara mbili, mara ya kwanza nikacheka na ya pili nikakasirika. Hasira zimeshapoa, kwa hiyo tega sikio.

Njia ya mwongo ni fupi, na yako ilikuwa fupi kuliko zote, haikufika hata kesho yake jioni. Kama kugusana kungekuwa kunakukera kwa imani, hilo lina heshima yake na hakuna wa kukucheka. Mngekaa mkazungumza. Tazama lakini mkeo alivyofanya: hakubishana, hakununa, alilichukua neno lako kuwa ni la kweli akaenda akapanga timu upya ili likae sawa. Alikupa heshima ambayo hukuistahili, na wewe unawaza kuteguka mguu. Aibu, baba!

Sasa nikuambie na jambo ambalo wewe mwenyewe umeliandika bila kulijua. Unadhani umenieleza habari za uoga, kumbe umenieleza habari za macho. Sindano unaishika shubiri moja kutoka puani. Namba ya basi iko ng'ambo ya barabara, Talal naye yuko ng'ambo ya barabara, na taa ziko mwisho wa ukumbi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi saa Deira. Alikuwa akiona unywele ndani ya saa ya mkononi, halafu ananipita mimi sokoni na kapu langu kama hanijui. Miaka mitatu nilidhani ananidharau. Siku alipovaa miwani alisimama mlangoni akaniuliza nyumba ile ya mbele ilipakwa rangi lini.

Kwa hiyo hujalogwa, wala hakuna husuda ya mtu. Wewe huoni mbali, na hilo lina dawa madukani.

Utafanya hivi. Leo, kabla hamjala, mwambie Hilwa kwa mdomo wako: "Nilisema haramu, lakini sikuwa na dini pale, nilikuwa naogopa kuchekwa." Baada ya hapo funga mdomo. Usianze kumtaja Hesbon, usianze baridi, na neno "lakini" lisitoke tena. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake, wewe osha vyombo. Kumwamini kwake kutarudi akikuona unasema kweli hata pale inapokuaibisha, na hakuna mlango mwingine wa kurudia.

Kesho asubuhi nenda ukapimwe macho. Usiniambie duka lina kazi nyingi, Shakir yupo.

Na Ijumaa utakimbia. Mimi mchezo huo nimeutazama kwenye televisheni kwa ajili yako, bibi wa watu, nikiwa na blanketi ingawa nje ni joto. Mabingwa wa dunia nao wanakosa. Anayekosa anakwenda kuzunguka duru yake, anarudi, na mwenzake bado anamngoja mstarini. Sikuona aliyefukuzwa kwenye timu kwa kukosa. Kwa mama mkwe usiseme kitu, hilo mwachie Hilwa aamue mwenyewe.

Bi Hamida

Wasomaji wangu, Ijumaa ilikuwa karibu kuliko gazeti, kwa hiyo jibu hili nilimtumia fundi kwa simu kwanza. Jumamosi akaniandikia, naye ameniruhusu niyaweke hapa maneno yake.

"Bi Hamida, nimesema. 'Lakini' ilinifika kooni nikaimeza. Hilwa akasema, 'Nilijua si dini. Wateja wako wanawake unawapima mabega kila siku, sijakusikia ukisema haramu.' Akacheka, halafu akalia kidogo, akaniambia nisimtie tena Mungu kwenye aibu zangu. Vyombo niliosha. Daktari wa macho aliniuliza nimekuwa nikivukaje barabara za Dubai, akanipa miwani nikaivaa siku hiyohiyo, na Talal nimekwenda kumwomba radhi, tumekunywa chai.

"Jana nimekimbia. Nilikosa mbili, nikazunguka duru mbili za adhabu, na Hesbon anapiga kelele 'Twende, buda, twende!' kwa sauti ileile aliyonichekea, ila safari hii ilinipa nguvu. Tumekuwa wa nne kati ya timu sita, sir ametukumbatia kama tumeshinda. Nina raha, Bi Hamida, nimelala usingizi wa mtoto.

"Lakini hili nataka ulijue. Nilipokuwa nimesimama mstarini kungoja kuguswa, nikageuka nyuma, nikamwona Hilwa anatokea kona ya mbali kabisa, na nikamjua kwa uso, nikaona anacheka, mbali kote kule, mpaka mkono wake ukanifika mgongoni. Mwaka mzima nimemuoa, na sikuwahi kumwona anakuja."