Baba Alivyofaulu Kipimo

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka Profesa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu, na kwamba kikohozi cha mwanao kimemwachia. Mama hajambo, ni miguu tu inayomsumbua. Mimi nipo. Nimekaa kukuandikia habari za Baba, kwa sababu kwenye simu wewe huongea sisi tukasikiliza, na ujumbe wangu huwa unaujibu kwa picha ya kidole gumba. Jirani yetu mwalimu anasafiri kuja huko, nimemwomba akukabidhi mkononi.

Unakumbuka Baba alipofanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, ukaomba kipande cha ule uvimbe kitumwe kwenye maabara unayofanyia kazi. Tulikushukuru sana. Kisha ukapiga simu na furaha yako, ukaeleza kwamba kipande kimetiwa rangi na ile protini mnayoitafuta imeonekana tele. Ukasema kati ya wagonjwa kumi wenye protini hiyo, wanane huwa bado hai baada ya miaka mitano. Halafu ukapaza sauti: "Mzee, umefaulu!"

Laiti ungeona neno hilo lilivyopokelewa humu ndani. Mama alilia kwa furaha mpaka chakula kikaungua. Shangazi, aliyekuwa ameshafunga mizigo aje kumwona, akaifungua. Wewe mwenyewe ukaahirisha safari, ukasema mwakani, mtoto akifunga shule. Hata mimi nilirudia kumgombeza Baba kwa kuacha pini sakafuni. Ile miaka mitano tuligawana kama keki, na mwenye sherehe hakuna aliyemwuliza.

Baba naye akaacha kwenda kliniki. Kila tarehe ikifika, ana suti ya mteja haijaisha. Nikimsukuma ananicheka: "Nimeshafaulu mimi, nirudie mtihani wa nini? Muulize kaka yako." Nilikuuliza kwa ujumbe. Kidole gumba.

Suruali ndizo zilizotuzindua. Mama alipokuwa anafua aliona kiuno kimeshonwa upya, na chini ya mshono huo kuna mwingine. Kumbe Baba alikuwa anajifungia na cherehani yake anazipunguza mwenyewe, kadiri alivyokuwa anakonda. Tulipombana akasema ndiyo mtindo wa sasa. Fundi hakosi la kusema.

Tulimpeleka hospitali kwa kumvuta. Ugonjwa umeshaingia kwenye ini, Kaka. Daktari wake, mama mmoja asiyepindisha maneno, alinisikiliza nikieleza habari za ile protini, kisha akaniambia: "Kipimo kile kinaeleza habari za watu wengi. Mzee wenu angeweza kuwa kati ya wale wawili. Ndiyo maana tulitaka arudi kila mara, tumwangalie." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Anasema iliyobaki ni miezi, tena si mingi.

Nina hasira na wewe, sitakuficha. Sisemi protini hukuiona vizuri. Lakini Baba umemwona kwa darubini tu, kwa macho yako hujamwona tangu harusi yako. Ulimpa matokeo kama mwalimu mkuu, ukakata simu, ukaendelea na shughuli zako.

Utauliza mbona hatukukuambia. Baba ametukataza. Anasema, "Mtoto alifurahi sana siku ile. Msimwambie amekosea." Mama ananyamaza kwa kumtii, na mimi nimechoka kunyamaza.

Ijumaa ulipopiga simu ulimsifu kwamba sauti yake ina nguvu kuliko yako. Nilikuwa nimekaa nyuma yake kitandani, nimemwegemeza kifuani kwangu, Mama kamshikia simu. Ulipomaliza kucheka naye na kukata, hakuweza kusema neno mpaka jioni.

Njoo. Usitafute kipimo kingine, wala usitume dawa. Njoo wewe. Na ukifika, utamkuta amevaa moja ya suruali zile, amekaa wima kwa kujikaza. Usimwombe radhi mbele za watu, hatapenda. Msifie mtindo.

Msalimie wifi yangu, na mtoto umbusu kwa niaba ya shangazi yake. Shangazi yetu naye amefunga mizigo tena, anakusalimu. Mama ameshaanza kukuombea safari njema, hata tiketi hujakata. Mungu akufikishe Baba angali anaweza kukudanganya.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,

Mdogo wako.