Usiguse Kigurudumu cha Baba Yako

Darcy,

Nyama ya kondoo iko ovenini. Mbwa hajala. Nimekwenda kwa shangazi yako Noreen kwa miguu, hasira zipoe.

Nisamehe kwa makelele ya asubuhi. Ulibadilisha fyuzi za gari, ukabadilisha balbu, kumbe kile kigurudumu cha kupunguza mwanga kando ya usukani kilikuwa kimeshushwa mpaka mwisho! Ukakipandisha, taa za dashibodi zikawaka, ukacheka, nami nikakufokea. Baba yako ndiye aliyezififisha, ili usiku mwanga wake usimwingie machoni, awaone kangaruu vizuri barabarani. Tangu tulipomzika, sijaruhusu kidole kingine kikiguse.

~~Kirudishe kama alivyokiacha.~~

Ziache ziwake, fundi wangu. Ila giza likikukuta njiani, zififishe. Kangaruu bado wapo, nami nimebaki na wewe tu.

Mama