Huyu Mrefu Hajui Kusema

Jumatatu, 3 Machi
Dai langu, nalo nitalitetea popote: mtoto asiye na maneno hana fikra, kwa kuwa fikra ni maneno yaliyonyamaza. Nimelitamka leo mbele ya wazazi wa Kibibi. Mamake akaniambia, haya Profesa, maneno unayo, mgawie mwanangu. Miaka kumi na tisa, stashahada mbichi mfukoni — na kazi yangu ya kwanza ni kulea! Kibibi ana miaka miwili na nusu, hajatamka neno. Masikio mazima, daktari kathibitisha. Mama anamlaumu mlezi aliyenitangulia, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, ambaye ni kiziwi: eti kamwambukiza ububu. Kamfukuza. Asiposema hadi Jumamosi, mtoto anapelekwa kwa shangazi yake, safari ya siku nzima.

Jumanne, 4 Machi
Nimemsomea kurasa kumi na mbili, kwa sauti ya mhadhara. Yeye anachezesha vidole tu: viwili shavuni, kisha kiganja juu. Tena na tena. Nikamshika mikono ili asikilize. Akalia.

Alhamisi, 6 Machi
Suruali yangu pekee ya heshima imefumuka. Nikaenda kwa fundi, mtoto begani, mama asijue. Mlangoni Kibibi akachomoka kama cheche. Mikono ikapaa! Vidole viwili shavuni, kiganja juu. Fundi akaacha cherehani, akamjibu kwa mikono. Kibibi akabisha — naapa, alibisha! — akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole, akaongeza mengine. Fundi akacheka hadi machozi. Nikaashiria: kulikoni? Akachukua chaki, akaandika juu ya kitambaa cheusi:
“Anauliza kwa nini huyu mrefu hajui kusema.”
Niliketi juu ya robota la vitambaa. Na vile vidole shavuni? Akafuta, akaandika: “Mama.” Kiganja juu? “Wapi.”
Jumanne siku nzima mtoto aliuliza mama yuko wapi, nami nikamshika mikono. Nilimziba mdomo! Mimi, msomi!

Ijumaa, 7 Machi
Naliondoa dai langu la Jumatatu, au nusu yake: si lazima maneno yawe ya ulimi. Nimewaeleza wazazi. Baba kaguna kwamba hayo ni maigizo. Mama kawa mkali: nilikuajiri umfundishe kusema, wewe umerudi na ububu wako! Kibibi alikuwa miguuni pake, vidole shavuni. Ona, akasema mama, kaanza tena.

Jumamosi, 8 Machi, asubuhi
Naandika kibarazani, daftari gotini. Begi la mtoto liko mlangoni. Fundi kaja, nimemwita mimi. Majirani nao wamejaa, sikuwazuia. Nimewatafsiria wote ishara zile mbili. Kibibi kalitazama begi, kamfuata mamake, kamvuta kanga, kaweka vidole viwili shavuni. Sasa kiganja kiko juu, hakishuki. Mama kaduwaa, anatazama mkono ule kana kwamba umeota leo.
Nasimama, daftari mkononi. Nasema mbele ya wote: Mama Kibibi, umeulizwa swali: “Mama, wapi?” Hadharani, sote tukishuhudia, mjibu mwanao —